Falsafa yako ya ualimu ni ipi? Kambi tano mbele ya kosa moja la hesabu

Mara ya kwanza kuulizwa falsafa yangu ya elimu nilikuwa kwenye usaili. Nikajibu bila kupepesa macho: "Naamini mwanafunzi ndiye kiini cha ujifunzaji, mwalimu ni mwezeshaji tu." Wasaili wakatikisa vichwa kukubali, kazi nikapata. Miaka kadhaa baadaye niliweka simu juu ya kabati nyuma ya darasa nikarekodi kipindi kizima, nijisikilize. Mwezeshaji simwoni. Nilimsikia mtu anauliza swali, anavuta pumzi, analijibu mwenyewe, kisha anauliza "Tumeelewana?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo" kwa sauti ya watu walioacha kusikiliza zamani.

Baadaye nikajua ugonjwa huo si wangu peke yangu. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 hivi. Mwalimu akijizuia hadi sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu, wanaojitokeza huongezeka na "sijui" hupungua. Sekunde mbili tu, lakini ndimo falsafa inamokaa. Anayeamini mwanafunzi anafikiri humwachia nafasi ya kufikiri. Asiyeamini hujaza ukimya, hata kama kwenye barua ya maombi ameandika vingine.

Watafiti Chris Argyris na Donald Schön, mwaka 1974, walitenganisha nadharia ambayo mtu huitamka na nadharia anayoitumia kweli akiwa kazini. Mimi naziita imani ya mdomoni na imani ya mikononi. Ya mdomoni tuliipata chuoni. Ya mikononi tuliipata zamani zaidi: mwanasosholojia Dan Lortie alikadiria mwaka 1975 kwamba mtu anapomaliza shule amekwisha kuwatazama walimu kwa saa kama 13,000. Ni uanagenzi ambao hatukuuomba. Ndiyo maana siku darasa likichafuka hatufundishi kama tulivyofunzwa chuoni. Tunafundisha kama yule mwalimu wetu wa zamani, pengine hata yule tuliyemwogopa.

Kwa hiyo sitazipanga falsafa za elimu kwa fasili zake. Fasili zote ni nzuri, na ukizisoma mfululizo utazikubali zote, mwisho utoke bila kuchagua. Nitaziweka zote mbele ya kosa moja, nione kila moja inafanya nini.

Kosa lenyewe

Mwanafunzi kaitwa ubaoni. Kaandika: 1/2 + 1/3 = 2/5. Kajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kaweka chaki, karudi kukaa akiwa ameridhika.

Kila aliyewahi kufundisha sehemu analijua kosa hili. Nalipenda kwa sababu si la kubahatisha, mtoto ametumia kanuni yenye mantiki yake. Tena limebeba ushahidi dhidi yake lenyewe: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Ameanza na nusu, akaongeza kitu, akabaki na pungufu ya nusu.

Sasa waite walimu watano. Majina ya vitabuni ni perenialisimu, esenshalisimu, progresivisimu, falsafa ya ujenzi mpya wa jamii, na udhanaishi. Nimeyapa na majina ya kwetu ya chumba cha walimu, maana yale ya kwanza ni mazito kuyabeba hadi mwisho wa makala.

| Kambi | Inaona nini kwenye 2/5 | Dakika inayofuata |
|---|---|---|
| Hazina za kale (perenialisimu) | Mtu ambaye bado hajajiuliza "moja" ni nini | Mjadala: kwa nini nusu na theluthi hazijumlishiki zikiwa hivyo zilivyo? |
| Msingi kwanza (esenshalisimu) | Hatua iliyorukwa | Anaonyesha 3/6 + 2/6 = 5/6, kisha maswali kumi ya kufanana |
| Kujifunza kwa kutenda (progresivisimu) | Dhana ya mtoto inayohitaji kugongana na uhalisia | Vipande vya karatasi vikunjwe, vipimwe, mtoto aone mwenyewe |
| Kubadili jamii | Hesabu isiyohusu maisha ya yeyote | Swali linabadilishwa kwanza, hesabu inafuata |
| Udhanaishi | Mtu mwenye haki ya kosa lake | Anamuuliza kama ameridhika nalo, anamwachia achague njia |

Usisome hilo jedwali kama orodha ya wazuri na wabaya. Wote watano wanaweza kumfikisha mtoto kwenye 5/6. Wanachotofautiana ni kingine atakachoondoka nacho zaidi ya 5/6.

Msingi kwanza au kujifunza kwa kutenda: hapa ndipo vita ilipo

Kambi hizi mbili ndizo zinazogombania karibu kila darasa, basi tukae hapa kidogo.

Msingi kwanza ilipata sauti mwaka 1938, pale mwanaelimu William Bagley na wenzake huko Marekani walipotoa tamko kwamba shule zimelegea, watoto wanacheza badala ya kusoma, na kwamba kila kizazi kina deni la kukirithisha kinachofuata maarifa ya msingi kwa mpangilio na nidhamu. Mwalimu wa kambi hii anajua anachofundisha, anajua kinachotangulia na kinachofuata. Andalio lake la somo unaweza kuliazima ukaingia nalo darasani. Madaftari yamesahihishwa. Mwanafunzi wake akifika darasa la juu, mwalimu wa huko hashangai.

Kujifunza kwa kutenda ina baba maarufu, mwanafalsafa wa Marekani John Dewey, aliyefungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe ambacho naona kinaeleza kambi hii kuliko kurasa mia za nadharia. Watoto walipewa pamba mbichi na sufu. Wakafanya kazi dakika 30 kuchambua nyuzi za pamba kutoka kwenye mbegu, wakapata chini ya aunsi moja, yaani hata gramu 30 hazikufika. Hapo wakaelewa, kwa vidole vyao, kwa nini watu wa kale walivaa sufu zaidi ya pamba kabla ya mashine ya kuchambulia. Somo la historia, la jiografia na la ufundi, yote kwenye kiganja kimoja.

Ukikisoma kisa hicho, unataka kuhamia kambi hiyo jioni hii hii. Subiri. Angalia kilichofanyika nyuma yake. Mtu alijua ni malighafi ipi aweke mezani. Mtu alijua swali la kuuliza dakika ya thelathini. Kinachoonekana kama watoto kujigundulia mambo ni maandalizi mazito kuliko andalio la mwalimu wa chaki. Na mwaka ule ule wa 1938 ambao Bagley alikuwa anawashambulia wafuasi wa Dewey, Dewey mwenyewe aliandika kitabu kidogo akiwakosoa: si kila tukio linaelimisha, mengine hupotosha, na kukataa ya zamani peke yake si falsafa. Maneno hayo walimu wengi wa "kazi za vikundi" hawajawahi kuyasikia.

Maana nani hajaona kikundi cha wanafunzi sita ambamo mmoja anaandika, mmoja anamsaidia kwa maneno, na wanne wanalinda meza? Mwalimu anazunguka na tabasamu, mkaguzi anaandika "shirikishi" kwenye fomu yake. Hicho si kujifunza kwa kutenda, ni wanafunzi kukaa wameelekeana.

Upande wa pili nao una aibu yake. Mtoto aliyepewa maswali kumi ya kufanana anayapata yote kumi, siku ya kumi na moja unampa 1/2 + 1/3 ndani ya fumbo la maneno, anarudi kwenye 2/5. Kanuni aliijua. Alichokosa ni hisia ya ukubwa wa namba, ile inayomfanya mtu mzima ashtuke: ngoja, mbona imepungua?

Nichague nini basi? Mimi hutumia kipimo kimoja: je, jambo hili ni la makubaliano au la uhusiano? Kwamba alama fulani husomwa "m" ni makubaliano ya watu. Hakuna mtoto atakayeligundua kwa kukaa na karatasi, hata umpe mwaka. Mwambie, mrudishie, mpe mazoezi. Kwamba sehemu zenye asili tofauti hazijumlishiki kabla hazijafanywa za aina moja ni uhusiano, na uhusiano unaweza kuonekana. Mwachie auone. Ukigeuza, yaani ugunduzi kwenye makubaliano na kukariri kwenye mahusiano, unapoteza pande zote mbili, na nakiri nimefanya hivyo miaka mingi.

Kipimo cha pili ni uzoefu wa mwanafunzi. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyowakera wengi, wakidai kwamba kufundisha kwa mwongozo hafifu hakuwafai wanaoanza, kwa sababu kumbukumbu ya kazi, ile tunayofikiria nayo papo kwa papo, ni finyu na hujaa upesi. Mgeni wa somo akiachwa atafute njia mwenyewe, nguvu zote zinaishia kwenye kutafuta, ya kujifunza haibaki. Lakini utafiti wa upande huo huo unaonyesha kinyume kwa waliokomaa: mwongozo uliomsaidia mgeni humkwamisha mjuzi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi ni wa kambi fulani" namuuliza, wiki ya kwanza ya mada au ya sita?

Kwenye kosa letu mimi leo naanza na swali la kambi ya kutenda: "Nusu na mbili ya tano, ipi kubwa?" Nanyamaza. Mtoto akishaona kioja chake, nahamia msingi kwanza bila haya: asili ya pamoja ni sita, nusu ni tatu ya sita, theluthi ni mbili ya sita, haya fungueni madaftari. Kama dakika zimebaki tano, ya kwanza naifanya, ya pili naiweka kesho. Zamani ningefanya kinyume.

Hazina za kale

Hii nitaipita haraka, si kwa dharau bali kwa sababu haidai kutawala kila somo. Inasema kuna maswali ambayo hayazeeki (haki ni nini, ujasiri ni nini, tunajuaje tunachojua) na kuna maandishi yaliyoyajibu vizuri kuliko tutakavyoyajibu sisi, basi kazi ya shule ni kuwakutanisha vijana na maandishi hayo na kuwafundisha kubishana nayo. Robert Hutchins, aliyechukua uongozi wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929, ndiye bingwa wake. Chuo cha St. John's huko Annapolis kilijenga mtaala wake wote juu ya wazo hilo kuanzia 1937.

Nguvu yake ni mazungumzo. Mwalimu hasomi nukuu, anauliza, na swali moja linaweza kula kipindi kizima bila mtu kutazama saa. Kwa fasihi, historia, dini na uraia, sijaona kambi inayomheshimu kijana kuliko hii.

Kasoro yake iko kwenye neno "hazina". Hazina ya nani? Mkusanyo maarufu wa vitabu 54 ambao Hutchins na Mortimer Adler waliutoa mwaka 1952 haukuwa na mwandishi mwanamke hata mmoja. Wakaja kuongezwa wachache kwenye toleo la 1990. Ukichagua kambi hii, jiulize nani alikuchagulia orodha, na methali za bibi ya mwanafunzi wako ziko rafu ipi.

Kubadili jamii, yenye joto kuliko zote

Mwaka 1932, dunia ikiwa kwenye mdororo wa uchumi, George Counts aliwauliza walimu wa Marekani kama shule ina ujasiri wa kujenga jamii mpya. Swali hilo halijapoa. Paulo Freire alilijibu huko Brazili: mwaka 1963, katika mji wa Angicos, timu yake iliwafundisha vibarua wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40, kwa kutumia maneno ya kazi na maisha yao wenyewe. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Falsafa ya elimu inayomfikisha mtu gerezani si pambo la barua ya maombi. Freire ndiye aliyeifananisha elimu ya kawaida na benki: mwalimu anaweka amana, mwanafunzi anaitunza, siku ya mtihani inatolewa kama ilivyowekwa, bila hata riba.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jina jingine haliepukiki. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Julius Nyerere wa Machi 1967, uliishambulia shule iliyorithiwa kwa sababu ilikuwa inawatayarisha wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa, na kwa sababu ilimtenga kijana na jamii iliyomlipia. Ulitaka shule iwe jumuiya inayosoma na kuzalisha, na elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe badala ya kuwa chumba cha kusubiria sekondari.

Kwenye 2/5 yetu, mwalimu wa kambi hii hakubali hata swali lilivyoulizwa. Anafuta ubao, anaandika: "Mama anafanya nusu ya kazi zote za nyumbani. Dada anafanya theluthi. Wengine wote wanafanya kiasi gani?" Darasa linakokotoa: 3/6 na 2/6 ni 5/6, imebaki 1/6. Halafu kimya. Kisha mvulana mmoja anacheka kwa aibu na msichana mmoja hacheki. Nimewahi kuliuliza swali hilo na sijapata tena kipindi cha sehemu ambacho wanafunzi walitoka nacho hadi nje ya mlango.

Sasa hatari zake, maana ni nyingi. Ya kwanza ni mahubiri: mwalimu ameshajua jibu la kisiasa, "mjadala" ni njia ya kuwafikisha wanafunzi alipo yeye, na hapo amekuwa benki upya, sarafu tu ndiyo imebadilika. Ya pili ni kusahau hesabu. Kama darasa limejadili haki ya mama kwa dakika 40 na nusu yao bado hawawezi kutafuta asili ya pamoja, mama hajasaidiwa. Ya tatu ni ya utekelezaji: kazi ya mikono ikigeuzwa adhabu ya wachelewaji, falsafa iliyotaka kuiheshimu kazi inafundisha kuidharau. Shamba ni lile lile na jembe ni lile lile, ila funzo limepinduka.

Na kabla hujamfunga mtu kwenye kambi moja, kumbuka kwamba mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea ndiye yule yule aliyekaa na Shakespeare akamhamishia kwenye Kiswahili, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 (baadaye ikaitwa Juliasi Kaizari) na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mguu mmoja shambani, mwingine kwenye hazina za kale.

Udhanaishi

Uhuru, uchaguzi, kuubeba mwenyewe uzito wa ulichochagua. Mfano unaotajwa zaidi ni Summerhill ya A. S. Neill, shule iliyoanza mwaka 1921, ambako kuingia darasani ni hiari na kanuni za shule hupigiwa kura, mtoto na mwalimu kura moja moja. Walimu wengi hawataajiriwa na shule ya namna hiyo, basi kama falsafa kamili ya kazi siioni ikikufaa Jumatatu asubuhi. Lakini kama kiungo ni muhimu. Hata kwenye shule kali kuliko zote unaweza kumwachia mwanafunzi achague mada ya insha, achague maswali matano kati ya nane, aseme mwenyewe alama anazodhani anastahili kabla hujamwonyesha zako. Hilo la mwisho jaribu mara moja. Utashangaa wangapi wanajinyima.

Utaijuaje yako? Njia nne

Hojaji ni rahisi na haina aibu. Maarufu ni ile ya Daniel Pratt na John Collins, yenye kauli 45 na mitazamo mitano: kurithisha maarifa, uanagenzi, kukuza fikra, malezi, na mageuzi ya jamii. Uzuri wake ni kwamba inatenganisha unachoamini, unachokusudia na unachofanya, kwa hiyo matokeo yanaweza kukuonyesha ufa kati ya hivyo vitatu. Ubaya wake ni wa hojaji zote: unajijibu ukiwa umekaa, umekunywa maji, hakuna anayekuvuta shati.

Insha ya falsafa, ile wanayoidai vyuo na waajiri, inakulazimisha kupanga mawazo. Lakini ukianza nayo utaandika ya mdomoni. Iandike mwisho.

Kurekodi kipindi kunauma, nimeshasema. Huhitaji video, sauti inatosha. Sikiliza mambo matatu tu: nani anasema zaidi, unasubiri sekunde ngapi, na unafanya nini jibu likiwa baya. Kama hulivumilii lote, sikiliza dakika kumi za katikati, maana za mwanzo unakuwa bado unajua kuna simu juu ya kabati.

Ya nne ndiyo ninayoipenda, na haina gharama. Chukua madaftari matano uliyosahihisha wiki iliyopita, usome kalamu yako badala ya kazi ya mwanafunzi. Kama kuna mikwaju na vyema peke yake, unaamini elimu ni kupata au kukosa. Kama umeandika jibu sahihi pembeni, wewe ni msingi kwanza. Kama umeandika swali ("una hakika? pima"), una damu ya Dewey. Kama umeandika "vizuri, ongeza bidii" kwenye yote matano, basi bado huna falsafa, una mhuri.

Mtu akikuambia "mimi huchanganya zote kulingana na mazingira", usimbishie, karibu wote tunachanganya. Muulize tu: zimebaki dakika tano, mada haijaisha, na mwanafunzi asiyeongea kamwe amenyoosha mkono kuuliza jambo lililo nje ya mada. Unamaliza mada au unamsikiliza? Hapo mchanganyiko unatengana kama mafuta na maji, na kinachoelea juu ndicho chako.

Kuna na swali la mwajiri. Unaweza kujikuta mtu wa kutenda ndani ya shule ya mitihani kila Ijumaa, au mtu wa msingi ndani ya shule inayotaka miradi tu. Ushauri wangu ni mdogo: usipigane na ratiba, pigana ndani ya kipindi. Mtihani wa Ijumaa hauwezi kukuzuia kusubiri sekunde tatu, na mradi wa wiki nne hauwezi kukuzuia kufundisha asili ya pamoja waziwazi siku ya kwanza. Lakini kama kila siku unatakiwa kumfanyia mtoto jambo ambalo usingelikubali kwa mwanao, hiyo si tofauti ya falsafa tena, na barua ya kuhama ina muundo wake.

Aya mbili, bega kwa bega

Ya kwanza niliiandika mwenyewe zamani:

"Naamini kila mtoto ni wa kipekee na ana uwezo wa kujifunza. Natumia mbinu shirikishi zinazomweka mwanafunzi katikati ili kumwandaa kwa changamoto za karne ya 21."

Hakuna mwalimu duniani asiyeweza kutia sahihi hapo, na kwa hiyo haimtambulishi yeyote. Ya sasa ni hii:

"Yale ambayo watu walikubaliana nayafundisha waziwazi, na nayarudia hadi yashike. Yale yanayoweza kuonekana nawaachia wayaone, na nasubiri hata ukimya ukiniuma. Kosa la mwanafunzi nalisoma kwanza kabla ya kulisahihisha, kwa sababu mara nyingi lina kanuni ndani yake. Angalau mara moja kwa kila mada, namba au neno litoke kwenye maisha ambayo wanafunzi wanaishi, hata kama jibu litatuaibisha."

Juzi nimerekodi tena. Nilifika sekunde nne, na aliyejibu alikuwa msichana wa karibu na dirisha ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia muhula mzima. Jibu lilikuwa 2/5. Nikamuuliza ipi kubwa, hiyo au nusu, nikaanza kuhesabu upya kimoyomoyo: moja, mbili...